Nilibeba uvimbe mdomoni kwa kuogopa sindano ya ganzi!

MWENZENU nimeshasemwa mengi katika jiji hili la Dar es Salaam, lakini ya mwaka 2022 yalinishinda. Nilikuwa na uvimbe juu ya jino la mbele, upande wa kushoto, unausukuma mdomo wa juu kama mtu aliyeficha karanga chini ya fizi. Hauumi, hauwashi, upo tu. Na kila niliyekutana naye alikuwa na jibu lake.

Ofisini walisema nimepigwa na bwana. Walinong'ona wee, mpaka mhasibu, mtu mzima wa heshima zake, akaniita pembeni na kunielekeza lilipo dawati la jinsia polisi. Shangazi yangu wa Tandika akasema hapo kuna mkono wa mtu. Shosti wangu ninayepanga naye Sinza akasema ni lipstiki za bei ya kutupa za Kariakoo. Ikabidi nijifunze kucheka huku nimeziba mdomo kwa kiganja, kama mwali siku ya kutolewa.

Hakuna hata mmoja aliyetaja jino. Mimi nilijua, ila sikutaka kulitaja. Jino maana yake daktari wa meno, na daktari wa meno maana yake sindano. Mimi na sindano, msomaji, tunajuana tangu zamani.

Mwaka 2001, nikiwa na miaka sita, nilibanwa na kifua. Mama akanipeleka zahanati, nikachomwa sindano ya PPF. Wa rika langu mnaikumbuka ile, inayomfanya mtoto atembee upande kama kaa. Basi hata nyumbani hatujafika, mwili mzima umejaa mabaka yaliyovimba, macho yamefunga, pumzi inapiga filimbi. Mama akanibeba mgongoni akakimbia nami kurudi zahanati. Nilipona, na jioni ile ile mama akatangaza mbele ya ukoo: "Huyu mtoto ana aleji na sindano."

Maneno hayo yakawa sheria. Yaliandikwa kwenye fomu yangu ya shule. Siku za chanjo nilifichwa nyumbani. Nikiumwa malaria mama alikuwa anamkazia daktari macho: "Vidonge tu, baba." Nimekua hivyo, nikimwambia kila mtu kwamba nina aleji na sindano, na hakuna aliyewahi kuniuliza: sindano ya nini?

Sasa jino. Mwaka 2008 nikiwa kidato cha kwanza nilikuwa mchezaji wa netiboli, tena golikipa, si wa kubeza. Siku moja nikaruka kuzuia mpira nikatua na mdomo kwenye nguzo ya goli. Jino halikung'oka. Liliuma siku tatu, likatulia. Miaka ikapita, likaanza kugeuka rangi taratibu kuelekea kijivu. Mimi nikadhani ni chai. Kumbe jino lilishakufa siku nyingi, limesimama pale kama nyumba isiyo na watu.

Juni 2022 ule uvimbe uliokuwa umelala ukaamka. Niliamka asubuhi fizi ya moto, inapwita, nusu ya uso imejaa. Jioni nikaingia duka la dawa la mtaani.

"Kaka, nipe dawa ya jino."

Yule kijana, nimtendee haki, aliuliza: "Una aleji na dawa yoyote?"

"Nina aleji na sindano."

Akacheka. "Hizi si sindano dada, ni kapsuli."

Akanihesabia amoksilini kwenye bahasha ya karatasi. Saa mbili usiku nikameza mbili na maji. Hazikupita dakika ishirini, viganja vikaanza kuwasha, kisha nyayo, kisha mwili mzima. Nikaenda kwenye kioo nikaona mabaka yale yale ya mwaka 2001. Nikataka kumwita shosti, sauti haitoki. Koo limebana kama limefungwa kamba.

Mama mwenye nyumba ndiye aliyepiga kelele hadi bajaji ikapatikana. Ya njiani siyakumbuki. Ninachokumbuka ni nesi akija na bomba la sindano, na mimi, nikiwa nakata roho, nikamshika mkono ule kwa nguvu zangu zote zilizobaki. Natikisa kichwa. Sitaki! Nina aleji na sindano!

Ashukuriwe nesi yule kwa kutonisikiliza. Alinichoma pajani, adrenalini, nusu miligramu, dawa ya kwanza kwa mtu mzima aliyefikwa na hali kama yangu. Dakika chache baadaye hewa ikaanza kupita. Wakanilaza mpaka kesho yake kunichunga, kwa sababu mzio wa namna hiyo unaweza kuondoka ukarudi saa kadhaa baadaye, wakati wewe umeshafika kitandani kwako unajisifu umepona.

Asubuhi daktari wa zamu akaniambia adui yangu ni penisilini. Si sindano. PPF ni penisilini, na amoksilini ni penisilini. Watu wawili wa ukoo mmoja, mmoja kavaa sindano, mwingine kavaa kapsuli. Msemo wa mama, uliotungwa kwa mapenzi yote ya mzazi, ulinilinda na kitu kisicho na kosa, ukanifungulia mlango kwa yule yule aliyetaka kuniua.

Ungedhani hapo nilishapata somo. Wapi!

Nilipewa antibayotiki ya ukoo mwingine, azithromaisini, fizi ikapoa. Kwenye karatasi ya kuruhusiwa wakaandika kwa kifupi tu: aleji ya dawa. Dawa gani, hakuna. Julai nikajikaza nikaenda kliniki moja ya meno na karatasi yangu. Daktari akaisoma, akaniangalia, akaisoma tena. "Dada, sisi hatukugusi. Tukikuchoma ganzi ukatufia hapa?" Nikatoka mbio, na moyoni nikafurahi. Daktari mwenyewe ananiogopa, mimi ni nani nisijiogope!

Uvimbe haukuuma tena, nikajidanganya umekwisha. Hapa ndipo wengi tunapoliwa, kwa hiyo nitulie kidogo nieleze, maana nilikuja kulielewa baadaye.

Jino likifa, mshipa wake wa ndani unaoza na ule uchafu unatokea kwenye ncha ya mzizi, ndani ya mfupa. Mwili unapambana kwa kujenga kifuko kuuzunguka. Kifuko kinajaa maji, kinajivuta maji zaidi, na taratibu kinausogeza mfupa wa taya upishe. Hakina haraka. Kinaweza kuchukua miaka bila kukuuma hata siku moja, na mara nyingi hugunduliwa kwa bahati kwenye picha ya eksirei, au siku kinapoingiwa na vijidudu na kuamka kama changu. Kati ya vifuko vyote vya maji vya kwenye taya, hiki cha jino lililokufa ndicho kinachoongoza, na meno ya mbele ya juu ndiyo makazi yake makubwa, kwa kuwa ndiyo yanayopigwa nguzo, ngumi na usukani wa gari.

Vipo vingine. Kuna kile cha ndani ya mdomo wa chini, kidogo, laini, kama povu la maji, kinachowapata hasa wenye tabia ya kujing'ata mdomo. Kuna kikubwa cha chini ya ulimi ambacho madaktari wanakiita ranula, kwa Kilatini kichura, na ukikiona utakubali jina. Hivyo viwili vinatokana na tezi za mate, si jino.

Vyote vina jambo moja: antibayotiki haiviondoi. Inaweza kutuliza vijidudu kifuko kikiambukizwa, basi. Kifuko chenyewe kinabaki pale pale kinakusubiri. Hata kwa jino tu, Chama cha Madaktari wa Meno wa Marekani kilitoa mwongozo mwaka 2019 kwamba kwa mtu mzima mwenye kinga nzuri, mara nyingi dawa ya maumivu ya jino lenye ugonjwa ndani ni kulitibu jino lenyewe, si vidonge vya antibayotiki. Hebu fikiria. Dawa iliyotaka kunitoa roho ilikuwa ni ile ambayo haingeutibu ugonjwa wangu.

Oktoba, uvimbe ulipoanza kuinua pua, shosti akanishika mkono, akanipeleka kwa daktari mwingine, mama wa makamo mwenye miwani iliyoning'inia kwa mkufu. Nikaingia na wimbo wangu: "Dokta, nina aleji na dawa, wenzako wameshindwa."

"Keti, mwanangu. Dawa gani?"

Hapo ndipo kimbembe kilipoanza. Yule mama alinihoji kuliko polisi. Dawa inaitwaje? Uliimeza au ulichomwa? Ilichukua dakika ngapi, au siku ngapi, kabla hujaona kitu? Uliona nini hasa: kuwashwa, kuvimba, kutapika, kuzimia? Ngozi ilibabuka? Walikutibu kwa nini? Nikamjibu yote, PPF mpaka kapsuli. Aliposikia PPF akainua kichwa.

"Unajua herufi hizo zina maana gani? P ya kwanza ni prokeini. Ya pili penisilini. Ile F inasema imeongezwa nguvu. Na prokeini ni ganzi, ya kizamani, ilitengenezwa Ujerumani mwanzoni mwa karne ya 20. Waliichanganya humo ili dawa ikae mwilini muda mrefu."

Msomaji, nilitaka kusimama niondoke. Ganzi! Kumbe mama hakukosea!

"Tulia," akasema. "Kapsuli uliyomeza haikuwa na prokeini, na ilikufanya vile vile. Kwa hiyo penisilini tunayo, ushahidi upo. Prokeini hatujui, na hatuna haja ya kujua, maana sitakuchoma hiyo. Ganzi ya siku hizi ni lignokeini. Ni kundi jingine kabisa."

Akanieleza kwamba lignokeini ilitengenezwa Sweden na mkemia Nils Löfgren mwaka 1943, ikaanza kuuzwa 1948, na moja ya sababu iliyoifanya iipiku prokeini ni kwamba mzio wa kweli kwake ni nadra sana. Wengi wanaosema wana aleji na ganzi walizimia kwa woga, au moyo ulikwenda mbio kwa sababu ya adrenalini kidogo inayochanganywa humo ili damu isitoke sana. Hiyo si aleji.

Kisha akauliza swali ambalo sijawahi kuulizwa na mtu: "Ni dawa gani umewahi kutumia bila matatizo?"

Nikahesabu. Panadol. Brufen. Flagyl. Dawa ya mseto ya malaria. Akawa anaandika. "Umewahi kushonwa popote?"

Nikasita. Mwaka 2011, nikiwa kidato cha nne, nilikanyaga chupa Coco Beach nikashonwa nyuzi tano mguuni.

"Walikushona kavu?"

"Hapana, walinichoma ganzi."

Yule mama akavua miwani. Akacheka mpaka nesi wake akachungulia mlangoni. Na mimi, msitake kujua, miaka kumi na moja nilikuwa najiambia kwamba siku ile aleji haikunipata kwa sababu sindano ilichomwa mguuni.

Akanipiga picha. Kwenye ncha ya mzizi wa jino langu la kijivu kulikuwa na kivuli cheusi cha mviringo, kingo zake nyeupe, ukubwa wa kete ya bao. Akagusa meno yangu moja moja kwa pamba yenye baridi kali. Yote yaliruka, isipokuwa hilo.

Kwanza alilitoboa jino kwa nyuma, akalisafisha mzizi na kuuziba, kazi iliyokwenda mara mbili. Kisha siku ya upasuaji. Alikuwa ametaka tufanyie hospitali, siyo kliniki, na kabla ya yote alinionyesha meza: adrenalini ipo tayari, hewa ya oksijeni ipo, bomba la dripu limeshawekwa mkononi. "Sitegemei kuvitumia. Ila mtu mwenye historia kama yako haguswi bila hivi." Akanichoma tone la lignokeini, tone kweli, akakaa. Tukazungumza habari za bei ya nyanya. Baada ya muda akaongeza kidogo, akakaa tena. Mimi najisikiliza viganja kama vitawasha. Hamna. Mdomo ukafa ganzi, nikajikuta natokwa na machozi, siyo ya maumivu.

Aliingiza sindano kwenye uvimbe akavuta maji ya rangi ya majani makavu, yanametameta kwenye taa kama yametiwa unga wa kioo. Eti ni chembe za kolesteroli. Akakata fizi, akaukuta mfupa umekuwa mwembamba kama ganda la yai, akakimenya kifuko chote na kukitoa. Nusu saa hivi, nyuzi, kwisha. Kifuko kikaenda maabara, na hilo nililiuliza mwenyewe: kwa nini, si kimeshatoka? Kwa sababu si kila kivuli cheusi kwenye taya ni kifuko cha maji. Upo uvimbe unaoitwa ameloblastoma, unaoonekana sana huku kwetu Afrika, ambao kwenye picha unaweza kujifanya kifuko, ila wenyewe ukiachiwa kipande unarudi. Majibu yangu yalikuwa safi.

Kifuko kikiwa kikubwa mno hawakitoi siku moja. Wanakifungulia dirisha mdomoni kinywee taratibu, mbinu aliyoieleza Mjerumani Carl Partsch tangu mwaka 1892, na mara nyingi wanakijaza kitambaa chenye dawa ya ayodini. Ndiyo maana dokta alikuwa amenihoji hata kuhusu ayodini, na glavu za mpira, na dawa ya kusukutua ya klorheksidini. Hiyo ya mwisho wengi huichukulia kama maji, lakini mwaka 2012 mamlaka ya dawa ya Uingereza ilitoa onyo juu ya mzio wake. Mimi nilisukutua maji ya uvuguvugu na chumvi.

Na antibayotiki baada ya upasuaji? Hakunipa. Nikamuuliza mara tatu, maana sisi bila kapsuli tunaona hatujatibiwa. "Eneo safi, kinga yako nzuri, jino limetibiwa. Nikupe ya nini?" Nikapewa Panadol na Brufen, zile zile nilizomtajia kwamba hazinisumbui. Mtu mwenye pumu inayochokozwa na aspirini, Brufen na diklofenaki ni sumu kwake. Huyo angebaki na Panadol.

Shosti yangu, aliyekuwa amekaa pembeni muda wote anajifanya anasoma simu, akadakia: yeye kila akimeza Septrin anatokwa doa jeusi kwenye mdomo, mahali pale pale kila mara. Watu wanadhani anavuta sigara. Dokta akamwambia hiyo ni aleji ya salfa na asiichezee, kwa kuwa salfa ndiyo iliyo kwenye Septrin na ndiyo iliyokuwamo kwenye Fansidar na ndugu zake, kundi lililokuwa dawa ya kwanza ya malaria Tanzania kuanzia 2001 mpaka mseto ulipoingia 2006, na ambalo bado wajawazito wanapewa kliniki kujikinga. Siku akipata ujauzito aseme mapema. Lakini ganzi ya jino asiiogope kwa sababu ya salfa, havihusiani.

Nilimuuliza dokta kama aleji ya penisilini inaisha. Kwa wengi, ndiyo: takriban wanane kati ya kumi huwa imewaondoka baada ya miaka kumi. Marekani karibu mtu mmoja kati ya kumi anasema anayo, na wakipimwa kitaalamu walio wengi hawana. Ila kipimo hicho hufanywa na wataalamu wenye vifaa vya kuokoa mtu, si kwa kujaribisha kapsuli moja chumbani kwako uone itakuwaje. Mimi baada ya miaka 21 sikuwa katika wanane hao.

Akanijazia fomu ya njano ya TMDA, ile ya kuripoti madhara ya dawa, kisha akaniandikia kadi ninayoiweka pamoja na kitambulisho cha taifa. Inasema: mzio wa penisilini, amoksilini vidonge viwili, Juni 2022, dakika 20, koo kuvimba, alipewa adrenalini, asipewe amoksilini, ampisilini, Ampiclox, Augmentin wala PPF, dawa za jamii ya sefalosporini aulizwe daktari kwanza, lignokeini ametumia salama.

Mwisho wa 2023 nilipiga picha nyingine. Kile kivuli kimebaki kidoa, mfupa umejijaza wenyewe. Jino nalo limevishwa kofia nyeupe, nacheka bila kiganja, na mhasibu ameacha kuniangalia kwa huruma.

Iliyobaki ilikuwa kumweleza mama. Nikampigia, nikamsomea kadi neno kwa neno. Alisikiliza kimya, halafu akairudia: "Pe-ni-si-li-ni. Si sindano." Nikasema ndiyo mama, si sindano, hata ganzi ni salama, nilishawahi kuchomwa zamani.

"Zamani lini?"

Nikajikuta nimeshaingia. Coco Beach, 2011, siku niliyoaga naenda masomo ya ziada. Alinuna siku mbili.